Mama mdogo kaniuliza: "Hiyo hela ya linki nani anakupa, na anakujuaje?"

#1 ShambaLaRau

Wakuu, habari za jioni.

Kwa wasionijua, niko Moshi. Nina blogu ndogo ya Kiingereza inayowaeleza wageni wabebe nini kabla ya kuja kupanda mlima: mabuti, soksi nzito, taa za kichwani, makoti ya mvua. Ndani yake kuna linki. Mgeni akiwa bado kwao akabonyeza linki, akanunua buti kwenye duka la mtandaoni, mimi napata kamisheni. Ndo kazi yenyewe, hamna siri.

Sasa mama yangu mdogo ana duka la vyakula hapa Rau. Duka la kawaida tu: sukari, unga, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, vocha, na dirishani ni wakala wa pesa za simu. Aliishia darasa la saba, ila kwenye hesabu msimguse. Anakutajia chenji yako kabla hujamaliza kuagiza.

Juzi nimekaa pale kwenye kreti ya soda, ukaingia ujumbe wa benki. Akauliza hela ya nini. Nikasema kamisheni ya buti.

"Umeuza buti?"

Sijauza.

"Umelibeba ukampelekea mtu?"

Hapana.

"Umeliona hilo buti lenyewe?"

Picha tu.

Akaacha kupima sukari, mfuko ukiwa mkononi. "Mwanangu, kama umeingia kwenye utapeli niambie mapema, kabla hawajaja kuniuliza mimi."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Imechukua karibu mwezi, na mpaka sasa sina uhakika nani alikuwa anamfundisha mwenzake. Nataka niwaandikie jinsi ilivyokwenda, maana najua wengi humu mna baba au shangazi mwenye duka na hamjui pa kuanzia. Nitaandika kwa vipande.

#2 mtori_moto

Nimekaa pale. Ila usituache njiani kama yule wa uzi wa kufuga sungura.

#3 DalaliNgarenaro

"Umeliona hilo buti lenyewe?" Huyo mama apelekwe kitengo cha upelelezi, anapoteza muda dukani.

#4 ShambaLaRau

Tuendelee.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilianza na intaneti: kuna tovuti, kuna linki, ndani ya linki kuna namba yangu. Alikuwa ananiangalia kwa heshima tu, kama anavyomwangalia mhubiri wa mtaani.

Nikabadilisha. Nikasema, mimi ni kama dalali. Hapo nikaharibu zaidi. Mama mdogo kabla ya duka aliuza ndizi soko la Mbuyuni, na dalali kwake ni tusi (samahani DalaliNgarenaro). Dalali ni yule anayemvizia mwenye mkungu barabarani alfajiri, anauchukua kwa elfu sita, anakuja kukuambia elfu tisa, na elfu tatu ya katikati hamna aliyeiona ikipita. Hicho ndicho cha juu. Kwa hiyo alichoelewa ni kwamba nampiga mzungu cha juu kwenye buti lake. Akamwonea huruma yule mzungu.

Nikatoa simu. Nikafungua ukurasa wa buti moja kwa moja dukani kwao: dola 120. Nikafungua lile lile kwa kupitia linki yangu: dola 120. Akazisoma zote mbili kwa kidole. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Haya, cha juu hamna. Wewe unapata ngapi?"

Asilimia 4. Dola 4 na senti 80.

"Inatoka mfukoni mwa nani?"

Mwenye duka.

"Akupe kwa lipi? Ana wazimu?"

Nikaangalia ukuta wa duka lake. Wenye maduka mnajua: ukuta mzima ni rangi ya kampuni ya simu, jina la duka limebanwa pembeni kama abiria wa mwisho kwenye Noah. Nikamuuliza, hii rangi ulilipia wewe? Hakulipa. Walilipa wao, na fundi wakaja naye. Kwa nini? Ili watu waione. Je, mtu akipita akaiona na asinunue hata vocha ya mia tano, hela ya rangi wanarudishiwa? Hawarudishiwi, imeshakwenda.

Basi, nikamwambia, huyu mwenye buti kachoka kupaka kuta. Kasema sitoi hata senti mpaka mtu anunue. Tangaza kwanza, nikiuza nakukatia chako.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema neno ambalo mimi na miaka yangu yote ya kompyuta sikuwahi kulifikiria:

"Kumbe wewe unatoa tangazo kwa mali kauli."

Ndiyo hiyo. Sina cha kuongeza. Mali kauli yeye anaiishi: mayai anachukua asubuhi kwa neno tu, jioni anapeleka hela ya yaliyouzwa na yaliyobaki anarudisha. Tofauti ni kwamba safari hii anayekopesha ni mimi, na ninachokopesha ni maneno. Buti lisiponunuliwa, maneno yangu yamekwenda bure.

#5 BintiKiborloni

Mali kauli!!! Nimeuza mitumba miaka sita na kila nikisikia "kamisheni za mtandaoni" najua ni matapeli. Leo ndo nimeelewa.

#6 Pwani_Kwetu

Huyo mama ndo mangi wa mtaa kumbe. Swali, huko Moshi mwanamke naye anaitwa mangi?

#7 ShambaLaRau

Hahaha. Mkuu, nyie Dar mwenye duka lolote ni mangi. Huku ukisema mangi mzee anajua unamsema mtawala. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, si kwa sababu ya kuuza kiberiti. Mama mdogo mwite mama tu.

#8 FursaTele

Wakuu hongereni kwa uzi mzuri. Kwa wanaotaka kipato cha kualika bila blogu wala Kiingereza, kuna fursa mpya imeingia. Kiingilio elfu 30 tu, ukileta watu watatu unarudisha chako, wakileta wao watatu unaanza kula. Njoo inboksi.

#9 mtori_moto

Alianza kunuka hata hajafika.

#10 MhasibuMkimya

FursaTele, swali moja, hapa hapa, si inboksi. Wanauza nini?

#11 FursaTele

Ni mfumo wa kuinuana kiuchumi mkuu. Bidhaa zipo zinakuja.

#12 MhasibuMkimya

Hapo nimeelewa. Naomba mwenye uzi aniruhusu niseme kidogo, maana hili ndilo linalofanya wazee wetu wakisikia kamisheni waogope, na wana haki.

Mwaka 2009 nchi hii ilikuwa na DECI, mpango wa kuchangisha hela za watu. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na kusubiri "kuvuna". Waliovuna mapema walivuna kweli, ndiyo maana wengine waliamini. Lakini hakuna shamba lililokuwepo. Aliyevuna alikuwa anapewa mbegu ya aliyekuja nyuma yake. Serikali ikasimamisha, wakurugenzi wakaishia kizimbani Kisutu, waliopanda mwishoni wakabaki na risiti. Upatu wa aina hiyo ni kosa la jinai kwa Kanuni ya Adhabu.

Sasa chukua hela ya ShambaLaRau uifuate kurudi nyuma. Dola 4.80 imetoka kwa mwenye duka. Mwenye duka kaipata wapi? Kwa mtu aliyelipa dola 120. Huyo kapata nini? Buti, na yuko nalo mguuni. Umefika mwisho na kila mtu kaondoka na kitu. Fuata elfu 30 ya FursaTele kwa namna hiyo hiyo, unafika kwa mtu wa mwisho, na mkononi mwake hamna kitu isipokuwa namba za simu za rafiki zake.

Na kingine: ShambaLaRau, ulilipa kiingilio?

#13 ShambaLaRau

Sijalipa hata shilingi. Programu hizi kujiunga ni bure. Amazon wameanza ya kwao tangu 1996, hailipiwi. Na nikileta blogu nyingine kumi zijiunge, hapo sipati kitu. Napata kwa buti tu.

Asante kwa hilo, Mhasibu. Nilimsimulia mama mdogo habari ya kufuata hela kurudi nyuma, akasema ndivyo anavyokamata noti bandia: haangalii noti, anamuuliza mtu kaipata wapi.

Haya, tufike kwenye swali gumu. Siku ya pili. Keshakubali kwamba hela ni halali na inatoka kwa mwenye duka. Akauliza: "Sasa huyo yuko Marekani. Mzungu kaingia dukani kwake. Anajuaje kwamba wewe ndiye uliyemtuma?"

Nikaona hili rahisi. Nikamwonyesha dirisha lake la wakala. Kampuni ya simu imewahi kukuona? Hapana. Mwisho wa siku wanajua umetoa hela mara ngapi na kamisheni yako ni kiasi gani. Kwa nini? "Kwa namba yangu ya wakala." Mteja akitaka kutoa hela anaandika namba ile, kila muamala unabeba namba yako mgongoni. Na linki yangu ndani ina namba yangu. Akibonyeza, namba inakwenda naye.

Nikajiona nimemaliza. Nikaagiza soda.

"Lakini," akasema, "wa kutoa hela yuko hapa mbele yangu. Anaandika namba, napokea ujumbe, namhesabia, anaondoka. Wako anaondoka kwanza. Akifika mbele akageuka? Akalala, akanunua kesho?"

Wakuu, mimi kozi ya mtandaoni niliyolipia haikunieleza jambo hili vizuri hivyo. Huyu kalitoa kichwani akiwa anafunga robo ya chumvi.

Ikabidi nimweleze kitu kinaitwa kuki. Safari hii nikaenda taratibu. Ukipeleka mahindi mashineni, foleni ndefu, si wanakuandikia jina kwa mkaa kwenye mfuko? Eeh. Ukaenda zako sokoni, ukirudi unajulikana ni wako. Kuki ni mkaa huo. Mtu akibonyeza linki, lile duka linamwandikia namba yangu kwenye simu yake mwenyewe, mahali asipopaona. Akizunguka dukani, namba ipo. Akinunua, wanaisoma.

"Na mkaa ukifutika?"

Unafutika. Pale Amazon ni saa 24. Bidhaa aliyoiweka kwenye kikapu ndani ya muda huo inasubiriwa zaidi, lakini asiyeweka kitu, baada ya saa 24 namba yangu haipo. Akirudi keshokutwa kwa njia zake, anahesabika kaja mwenyewe. Maduka mengine yanatoa siku 7, mengine 30. Akibadilisha simu, akafuta historia, kwaheri. Na akipitia linki ya mtu mwingine baada ya yangu, mara nyingi jina la mwisho ndilo linalosomwa.

"Kwa hiyo wewe umefagia, umeosha, umepika, mwenzio kaja kupakua."

Ndiyo, mama mdogo.

#14 DalaliNgarenaro

Hapo kwenye kupakua umenigusa kidonda. Tuliosemwa vibaya juu huko tuna machozi yetu. Mimi napangisha nyumba Arusha. Desturi inajulikana, mpangaji akipata chumba dalali anakula kodi ya mwezi mmoja. Nampeleka mtu Sakina, Kwa Mrombo, Njiro, nyumba tano, bodaboda kwa hela yangu. Anasema "nitakupigia". Jioni anarudi peke yake kwa mwenye nyumba. Wiki ya pili namkuta anaanika nguo pale uani. Ananisalimia vizuri kabisa.

Hiyo kuki ya saa 24 mimi ningeishukuru. Mimi nina kuki ya dakika kumi.

#15 BintiKiborloni

"Anaanika nguo pale uani." Pole kaka, nimecheka lakini pole.

#16 KijiweChaSokoine

Naomba tuwe wakweli. Wabongo wangapi wananunua buti la dola 120 mtandaoni? Mama mdogo kamaliza darasa, kesho anafanyia nini? Nyuzi za namna hii zinapendwa lakini hazishibishi.

Pia taja namba. Unapata ngapi?

#17 ShambaLaRau

Swali la haki.

Nina miezi 14. Mitano ya kwanza nilipata sifuri, si sifuri ya kusema, sifuri kamili. Mwezi uliopita waliobonyeza ni 612. Walionunua 14. Watatu wakarudisha mabuti, kamisheni yao ikafutwa. Wakabaki 11, dola 41. Na hiyo 41 sijaishika, maana inakaa kama miezi miwili wakisubiri muda wa kurudisha bidhaa upite. Ujumbe wa benki aliouona mama mdogo ulikuwa wa jasho la zamani.

Kodi: ni mapato kama mengine, naandika na natangaza. Msije kusema sikusema.

Mama mdogo alivyosikia 612 kwa 14 hakushangaa hata kidogo. Akasema wanaopita dukani kwake wakauliza bei ya mchele na kuondoka hawana idadi. Alichoshangaa ni kwamba kubonyeza peke yake hakulipi. Alikuwa na mpango tayari: yeye abonyeze, Mama Upendo wa saluni abonyeze, kwaya ya Jumatano yote ibonyeze. Nikamwambia hata mimi nikinunua kwa linki yangu mwenyewe wananinyima, na wakinibaini nadanganya akaunti inafungwa. Kwaya ikapona.

Kuhusu kesho anafanyia nini, ngoja. Hapo ndipo kulipoanza vituko.

#18 Mgumu_Mstaafu

Kabla hujaendelea mkuu. Nimebeba mizigo mlimani miaka 9, nimeongoza 6. Kamisheni ya kuleta mgeni huku kwetu ni ya zamani kuliko intaneti. Mtu wa mapokezi hotelini anamkabidhi mgeni kwa kampuni, anapata chake. Sina tatizo.

Lakini cha juu kikikosekana kwa mteja, kuna mahali pengine kinaweza kutoka, na mama mdogo asidanganyike. Bei ya kupanda mlima sehemu kubwa ni ada za hifadhi: kuingia kila siku, kambi, uokoaji, na VAT asilimia 18 juu yake. Hizo hazipungui hata senti. Chakula hakipungui sana. Sasa kampuni ikishindana kutoa kamisheni nono, kwenye bei ile ile, imebaki nani wa kubanwa? Mgumu, yaani mbeba mizigo. Unaambiwa utapokea hivi, ukishuka getini unaambiwa "mgeni huyu alikuja kwa mtu". Mzigo kilo 20 ni zile zile.

Mkiona kamisheni kubwa ulizeni imekatwa kwenye sahani ya nani. Nimemaliza.

#19 MhasibuMkimya

Komenti ya maana kuliko zote humu.

#20 ShambaLaRau

Mgumu_Mstaafu, heshima yako. Hili nimelisoma mara mbili. Na mama mdogo nimemsomea kwa sauti, akasema "mwambie shikamoo".

Sasa vituko.

Pale Rau kuna hosteli za wageni wanaojitolea mashuleni na hospitalini. Wanakuja dukani kwa maji na biskuti. Karibu kila wiki mmoja anamuuliza mama mdogo wapi atakodi vifaa vya mlima. Hajui Kiingereza cha maana, ila anaelewa "mauntini" na vidole vya miguu vikichezeshwa. Yeye anawaelekeza mjini kwa jirani yetu wa zamani, Baba Neema, anayekodisha mabuti, makoti na mabegi ya kulalia. Miaka minne kaelekeza. Alichopata ni "ahsante mama" na kilo moja ya nyama Krismasi moja.

Baada ya darasa letu akajikalia kimya siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta na mkasi. Anakata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kadi ya kliniki. Kwenye kila kimoja kaandika MR kwa kalamu nyekundu. Mama wa Rau.

"Hii ndiyo linki yangu," akasema.

Alikwenda mwenyewe kwa Baba Neema, kavaa kitenge cha kanisani. Makubaliano: mgeni akifika na kipande na akakodi, kipande kinaingia kwenye kopo la maziwa, Jumamosi wanafungua kopo, kila kipande elfu 5. Bei ya mgeni haibadiliki. Hilo la bei ndilo alilolisema kwanza kabla ya kukaa. Na la pili, lilinishangaza: kwamba atamwambia kila mgeni kuwa yeye analipwa.

Nikamuuliza kwa nini, nani atajua? Akasema, "Nikimwambia mtu mchele huu mzuri, kesho akisikia nimelipwa nimwambie mzuri, hanunui kwangu hata kiberiti. Bora nimwambie mimi." Marekani kuna sheria inayotaka hivyo hivyo, ukilipwa kusifia bidhaa useme, na mimi kwenye blogu yangu nimeandika, tena kwa herufi ndogo kule chini. Nilirudi nyumbani nikaipandisha juu.

Maneno yenyewe anayasema kwa Kiswahili, taratibu, huku anajipiga kifuani: "Baba Neema ananipa mimi hela." Wageni wanacheka, wanapokea kipande.

Jumamosi ya kwanza. Daftari lake linasema katoa vipande 9. Kopo lina 4. Watano wako wapi? Wawili hawakwenda kabisa, aliwauliza. Mmoja alikwenda ila kipande kakisahau kwenye suruali iliyofuliwa. Wawili walikwenda siku sita baadaye na kipande kishapotea, na kijana wa duka hakukumbuka kuuliza. Yaani mkaa umefutika mbele ya macho yangu, kuki yote, kwa sabuni ya unga. Mmoja kati ya wale wanne naye alirudisha buti siku ile ile halikumtosha, Baba Neema akasema hilo halihesabiki. Wakabishana. Halikuhesabika.

Elfu 15. Akaikunja, akaiweka kwenye mkebe wa sadaka ya ujenzi. Aliifurahia kuliko mauzo ya siku nzima.

#21 mtori_moto

Suruali iliyofuliwa kama kuki iliyofutwa. Nimekufa.

#22 KijiweChaSokoine

Nafuta komenti yangu ya juu. Elfu 15 kwa wiki bila mtaji ni umeme na maji.

#23 BintiKiborloni

Mimi kesho nakata boksi. Kuna fundi cherehani namtumia wateja wa kurekebisha mitumba kila siku ya Mungu.

#24 DalaliNgarenaro

Mbona hujasema Jumamosi ya pili?

#25 ShambaLaRau

Nilikuwa naikwepa.

Jumamosi ya pili daftari linasema katoa 5. Kopo lina 7.

Baba Neema yeye kafurahi, biashara imekua, anahesabu elfu 35. Mama mdogo hakupokea. Akavimwaga vile vipande kwenye kaunta, akaanza kuvipanga. Vitano vina MR ya mkono wake. Viwili vina MR iliyonyooka mno, kama ya mtu aliyeinakili kwa makini, na boksi si la sabuni anayouza yeye.

Jioni ile ile kijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu akaja dirishani. Anatabasamu. "Mama, nimekupelekea wawili, nilijikatia vipande kama vyako. Naomba changu nusu." Hakuiba, kwa mawazo yake. Kabeba wageni kweli, wamekodi kweli. Kaona kuna linki, kajiunga chini ya mama mdogo bila kuulizwa.

Nilifikiri atafukuzwa. Akampa elfu 5 ya wale wawili, akamwambia kuanzia leo aje achukue vipande kwake, asikate. Halafu akamrudia Baba Neema kuchukua elfu 35 yote, na kumweleza ilivyokuwa, maana asingependa aisikie kwa mwingine.

Ila tangu siku hiyo vipande vina namba. Kila kimoja kinakatwa nusu kwa mkato wa kona, wa kwake tu. Nusu moja anapewa mgeni, nusu nyingine inabaki kwenye kamba ya msumari ukutani, na jina la aliyempeleka. Jumamosi nusu mbili lazima zikutane mkato kwa mkato. Kwa kifupi kila linki ina kishina.

Leo asubuhi nimepita kunywa chai. Alikuwa anakata. Akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Lile duka lako la Marekani. Kishina anabaki nacho nani?"

Nikamweleza. Waliobonyeza nawahesabu mwenyewe, hao nawaona. Walionunua wananihesabia wao, kwenye ukurasa wao, kwa namba zao. Wakisema 14, ni 14. Wakisema watatu wamerudisha, wamerudisha.

"Kwa hiyo wewe huna kishina."

Sina.

Akaniangalia kwa muda, kama anavyomwangalia mtoto aliyetumwa dukani na hela akarudi bila chenji. Halafu akachukua kipande kingine cha boksi, akakata kona, akaandika 23.